Mgeni aliposema "get" mara tano kwa pumzi moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni huku kaskazini mwa Unguja. Wiki iliyopita mgeni kutoka Uingereza alikuja kaunta na mkewe, akaniambia: "We've got to get going before it gets dark. Could you get someone to get our bags?" Mimi nilisikia pata, pata, pata. Nikadhani mizigo yao imepotea na wanataka tuwapatie. Nikaanza kumuuliza mabegi yalikuwa ya rangi gani na waliyaona mara ya mwisho wapi. Wakabaki wananitazama. Kamusi yangu inaandika "pata", halafu inafuatisha maana nyingine nyingi hadi kichwa kinauma. Neno hili limetoka wapi, lina maana ngapi hasa, na nitalizoeaje? Tena kuna Mmarekani aliandika "I've gotten used to the heat" kwenye kitabu cha wageni, meneja wangu akasema "gotten" ni kosa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa yaliyokukuta kaunta, ingawa sioni la kukuaibisha. Ulisikia neno, ukalipa maana uliyofundishwa, ukamhurumia mtu uliyedhani kapotelewa na mizigo. Mwingine angeitikia "yes, yes" huku hajaelewa kitu, na wageni wangekaa wakingoja hadi usiku.

Kabla ya asili ya neno, nikupe jambo moja la kushika, maana mengine yote nitayatundika hapo. Kiingereza kina vitenzi viwili vya kukaa: "be", yaani kuwa, na "have", yaani kuwa na. "Get" ndicho kitenzi cha kuingia. Mtu akiwa na tiketi mkononi, "he has a ticket". Hakuwa nayo na sasa anayo, "he got a ticket". Mama yuko nyumbani, "she is home". Alikuwa njiani na sasa amefika, "she got home". Giza limeshatanda, "it is dark". Giza linaingia, "it's getting dark". Kupata, kufika, kuingia, kugeuka: sisi kila kimoja tumekipa neno lake, wao katika mazungumzo ya kila siku wamevibebesha mgongo mmoja. Kwa hiyo ukilisikia "get", usijiulize "wanataka kupata nini?" Jiulize ni nani, au ni kitu gani, kinatoka hali ipi na kuingia hali ipi.

Sasa asili, na hapa niruhusu nikawie, kwa sababu bila historia hii neno hili litaonekana kama limechanganyikiwa, na halijachanganyikiwa.

"Get" halikuzaliwa Uingereza. Lilikwenda huko kwa majahazi. Mwaka 793 Wavikingi, mabaharia wa Skandinavia, walishambulia nyumba ya watawa kwenye kisiwa kidogo cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 865 likatua jeshi zima, na mwaka uliofuata likautwaa mji wa York. Mfalme Alfred wa Wessex alilishinda vitani Edington mwaka 878, lakini hakuwatoa nchini. Sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ilibaki mikononi mwao, wakalima, wakaoa, wakajenga vijiji. Mpaka leo ukiona kwenye ramani ya Uingereza jina kama Whitby, Grimsby au Derby, lile "by" la mwisho ni neno lao la kijiji. Mwaka 1016 Mdani mmoja, yaani mtu wa Denmark, jina lake Cnut, akawa mfalme wa Uingereza yote.

Lugha yao, Kinorsi cha Kale, ilikuwa ndugu wa Kiingereza cha wakati ule, kama Kisukuma na Kinyamwezi walivyo ndugu. Kwa Kinorsi kitenzi kilikuwa "geta", na tangu hapo kilikuwa na mikono mingi: kupata, kufikia, kuzaa, kuweza, hata kubahatisha. Waingereza nao walikuwa na pacha wake, "gietan", ila wao walizoea kulitumia likiwa limefungwa kwenye kiambishi. Walisema "begietan" kwa kupata, "ongietan" kwa kutambua na kuelewa, "forgietan" kwa kusahau. Tena G yao hapo ilikuwa laini, karibu na Y ya "yai", wakati Wavikingi waliisema ngumu, kama G ya "gari". Yapata mwaka 1200, "get" lenye G ngumu limo tayari katika maandishi ya Kiingereza, likisimama kwa miguu yake.

Kuna kisa cha kweli cha mapambano haya ya G na Y ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. William Caxton, mtu aliyeanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza, alikiandika mwaka 1490. Wafanyabiashara walikuwa wanatoka mto Thames kwa jahazi, upepo ukakata, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia nyumba ya watu akamwomba mama mwenye nyumba "eggys". Mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye Kifaransa hakukijua. Alichotaka ni mayai. Mwenzake akaingilia, akasema anataka "eyren". Hapo mama akasema amemwelewa vizuri. Maneno yote mawili ni mayai. "Eggys" lilitoka kwa Wavikingi na G yao, "eyren" lilikuwa la Kiingereza cha kale na Y yake. Unajua mwenyewe lipi liko kwenye menyu ya hoteli yenu leo. "Get" lilishinda kwa njia hiyohiyo, na "give" pia.

Kinachonigusa katika historia hii ni aina ya maneno yaliyoazimwa. Sisi tulipochukua kwa Waarabu tulichukua vitenzi kama kusafiri, kusamehe, kujibu, kusahau, lakini pata, fika, shika na toka yamebaki ya Kibantu. Waingereza walichukua kwa Wavikingi mpaka "they", neno la kusema "wao". Neno dogo kama hilo haliletwi na mfanyabiashara anayekuja na kuondoka. Linaletwa na mume na mke wanaozungumza jikoni, na majirani wanaoazimana jembe.

Lile "forgietan" halikufa. Ndilo "forget" la leo, na G yake imekuwa ngumu kwa kufuata mkumbo wa "get". Kiambishi "for" hapo mbele kinaonyesha jambo kwenda kombo au kupotea, hivyo ndani ya neno kusahau ni kuponyokwa, ni kitu ulichokishika kutoka mkononi. Wajerumani wanalo pia, "vergessen". Na ukizidi kurudi nyuma, wataalamu wa lugha wanalifikisha neno hili kwenye shina la zamani sana lenye maana ya kushika au kukamata, shina lilelile lililowapa Warumi kitenzi chao cha kukamata, "prehendere". Kutoka huko Kiingereza kikapata "prison", yaani gereza, na "comprehend", yaani kuelewa. Usishangae gereza na kuelewa kulala kitanda kimoja. Sisi wenyewe polisi anamshika mwizi, na mwalimu anasema mtoto huyu anashika haraka.

Kwa hiyo mgeni anaposema "I get it" akimaanisha ameelewa, hajavunja neno. Matumizi hayo ni machanga yakilinganishwa na yale ya kupata na kufika, lakini wazo ni lilelile la "ongietan" ya zamani. Na wewe kwenye simu unasema "nakupata" au "sikupati", kuna tofauti gani?

Nikiwa hapo kwenye "pata" yetu, hebu igeuze uitazame kwa jicho la mgeni. Kisu kikiwa butu tunasema hakipati. Saa ikikaribia mbili tunasema yapata saa mbili. Kama hujawahi kumwona mtu, hujapata kumwona. Mtu akipata homa hakwenda kuitafuta. Mwanafunzi akijibu sawasawa, kapatia. Mzungu anayesoma Kiswahili analia juu ya neno hili kama wewe unavyolia juu ya "get". Na "sijapata kumwona" ina rafiki mbali: huko Iceland, ambako lugha ya Wavikingi imebadilika kidogo kuliko kwingine, mtu akitaka kusema "naweza" anasema "ég get".

Turudi kaunta kwako, tuichukue ile sentensi kipande kwa kipande.

"We've got to" ni lazima, imetupasa. Hili "got" ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu halina tena kupata ndani yake. Kwa asili "I have got" ni "nimepata". Lakini aliyepata anacho, na kidogokidogo "nimepata" ikageuka kuwa "ninacho". Kilichosaidia ni kwamba "have" katika mazungumzo ilikuwa inaliwa. "I have" ikawa "I've", sauti moja nyembamba ya V inayopotea upesi, na watu wakahitaji kitu kizito cha kuegemea. "Got" ikakaa hapo. Ndiyo maana "I've got a brother" ni "nina kaka", hakuna aliyempata juzi. Na "I've got to" ikafuata njia hiyohiyo kutoka kwenye "I have to". Ukisikia "gotta", ndiyo hiyohiyo imemezwa zaidi. Kwenye sikio utasikia "wi gota". Ukishasikia hivyo jua kinachokuja ni jambo lisiloepukika, usianze kutafuta kilichopotea.

"Get going" ni kuondoka, kushika njia. Hapa watu wawili wamesimama, wanaingia katika mwendo. Hili halihitaji zaidi.

"It gets dark." Hapa nitakaa, maana ndipo palipo na siri yenyewe kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili.

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo vimeshabeba kugeuka ndani yao: kuchoka, kulewa, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kukasirika, kulowa, kupotea, kuoza. Kwa vingi vya hivyo Waingereza hawana kitenzi cha kawaida. Wana sifa tu: "tired", "drunk", "old", "fat", "thin", "angry", "wet", "lost". Sifa imekaa kama jiwe, haitembei. Ili itembee wanaisukuma kwa "get": "get tired", "get drunk", "get wet". Sasa angalia tunavyofanya sisi. Tukitaka kusema mtu yuko ndani ya hali hiyo, tunaweka "me": amechoka, amelewa, amelowa. Kwa Kiingereza ni "he is tired", "he is drunk", "he is wet". Tukitaka kusema anaelekea huko, tunaweka "na": anachoka, analewa, analowa. Hapo ndipo "get" linapoingia: "he's getting tired", "he's getting drunk", "he's getting wet". "Me" yetu inakwenda na "is", "na" yetu inakwenda na "getting". Chukua karatasi uandike vitenzi hivyo kwa njia zote mbili, usome kwa sauti ukiwa peke yako. Nimefundisha muda mrefu na sijaona zoezi linalofungua kichwa haraka kuliko hili.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Mgeni akiugua hotelini, daktari akauliza "When did you get sick?", anauliza ulianza kuugua lini, siku uliyovuka kutoka uzima kuingia ugonjwa. Akiuliza "How long have you been sick?", anauliza umekaa nao muda gani. Ukiwa wewe ndiye mkalimani, na mara nyingi mtu wa mapokezi ndiye anayeitwa kutafsiri, ukichanganya hayo mawili dawa inaweza kuandikwa kwa hesabu ya siku isiyo sahihi. Hali kadhalika "Are you married?" ni "umeolewa?", na "When did you get married?" ni "uliolewa lini?" Sisi tunatumia kitenzi kilekile na kubadili kiungo cha wakati. Wao wanabadili kitenzi kutoka "be" kwenda "get".

"Could you get someone to" ni kumfanya mtu afanye: umtafute, umwombe, umtume. Nani anahama? Ni yule mtu, anatoka kukaa anaingia kazini. Shika moja tu la sarufi hapa: baada ya "get" ya namna hii lazima pawe na "to". "Get Juma to come", lakini "make Juma come" haina "to". Na "get" ni pole kuliko "make". Ukisema "I'll make him come" ni kama utamvuta kwa nguvu.

"Get our bags" ni kwenda kuchukua na kuleta. Kiswahili cha kwetu kina neno lake zuri, kufuata: kawafuatie mizigo yao. Mabegi yapo, yako chumbani, hayajapotea. Yanahama tu kutoka juu kuja chini. Hili ndilo "get" lililokupeleka kuuliza rangi, na kwa haki, maana ndilo linalofanana sana na "patia". Dalili ya kulitambua ni kwamba kitu kinajulikana kiko wapi na ni cha nani: "our bags", "my glasses", "your coat". Kitu kinachojulikana hakitafutwi, kinafuatwa.

Sasa meneja wako na "gotten". Mwambie kwa adabu kwamba si kosa, ni Kiingereza cha Marekani, na kina umri mkubwa. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa London mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James inamfanya Hawa aseme, alipomzaa Kaini, "I have gotten a man from the Lord". Biblia yetu ya Kiswahili ya Union hapo inasema "nimepata mtoto mwanamume". Waingereza wa kwanza kufanya makao ya kudumu Marekani walifika Jamestown mwaka 1607, na wale wa meli ya Mayflower mwaka 1620. Walikwenda na "gotten" vinywani. Waliobaki London baadaye wakaliacha wakabaki na "got", na shule zetu zilizofuata mtaala wa Mwingereza zikarithi "got". Lakini hata Mwingereza anayeliona "gotten" la kishamba husema "forgotten" kila siku, na hilo ni ndugu wa tumbo moja.

Na Wamarekani hawalitumii ovyo. Kwao "I've got a car" ni "nina gari", na "I've gotten a car" ni "nimepata gari". Tazama jinsi inavyolala sawasawa na Kiswahili. Kwa hiyo "I've gotten used to the heat" ni "nimelizoea joto", na Mwingereza angeandika "I've got used to the heat". Wewe kwenye barua za hoteli fuata kanuni ya hoteli, kama ni ya Kiingereza cha Uingereza andika "got". Ila usimsahihishe mgeni wa Kimarekani kwenye kitabu chake.

Nakuonya mahali ambapo "pata" inatusaliti. Tunasema dada amepata mtoto, tukiwa na furaha yetu, halafu tunageuza moja kwa moja: "my sister got a baby". Mwingereza atajiuliza amempata wapi, kama amemchukua kulea. Wao wanasema "my sister had a baby". Zamani ukoo huu wa "get" ulishika kazi ya kuzaa, ndiyo maana Biblia ileile ya 1611 inasema Abraham "begat" Isaac pale sisi tunaposoma Ibrahimu alimzaa Isaka. Siku hizi kazi hiyo imekwenda kwa "have". Vilevile "I got an accident", ambayo nimeisikia tangu Mombasa hadi Mwanza: wao husema "I had an accident". Haya mawili yashike kwa kichwa tu.

Utasikia pia "get" likishika nafasi ya "kuwa" kwenye mambo yanayompata mtu: "my flight got cancelled", "I got bitten by mosquitoes", "he got robbed". Kiswahili kinamaliza kwa kitenzi cha kutendwa: imefutwa, nimeumwa, kaibiwa. "Get" hapo linaonyesha tukio, kitu kilitokea saa fulani na mara nyingi si cha heri. "The door was locked" inaweza kuwa mlango ulikuwa umefungwa tu, tangu asubuhi. "The door got locked" ni mlango ulifungwa, ghafla, na labda ufunguo uko ndani. Mgeni akija kaunta bila viatu akisema la pili, usimweleze saa za kufunga milango. Mtafutie ufunguo wa akiba.

Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu alikuwa anakata kila "get" kwa kalamu nyekundu. Alisema ni neno la mvivu. Tuliandika "obtain", "receive", "arrive", tukapata alama nzuri, na tukatoka shule tukiweza kusoma gazeti zima la Kiingereza bila kuweza kumfuata dereva wa basi wa Kiingereza kwa dakika mbili. Niliumia nilipogundua, na bado naumia nikiona wanafunzi wanafanyiwa hivyo. Alichosema mwalimu kina chembe ya ukweli: yale maneno matatu yaliingia baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, kwa kinywa cha watawala waliozungumza Kifaransa, nayo yamebaki na harufu ya ofisi. "Get" lilibaki jikoni na shambani. Kwenye barua rasmi ya malalamiko ya mgeni andika "we have received your message". Lakini wageni hawaji kaunta na lugha ya barua. Wanakuja na lugha ya jikoni kwao, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuisikia.

Machache ya kaunta, kwa kuwa ndiko uliko. Simu ikilia na mwenzako akasema "Can you get that?", anakwambia pokea. Mtu akibisha hodi na mmoja akasema "I'll get it", anakwenda kufungua yeye. Wageni wawili mezani, bili ikaja, mmoja akasema "I'll get this", atalipa yeye, basi mpe yeye mashine ya kadi. "Can I get a coffee?" ni "naomba kahawa". Baadhi ya Waingereza wazee hawaipendi, wao husema "Can I have", hivyo ukiagiza wewe mwenyewe mahali tumia "have" na hutamkwaza mtu. Kwenye gari husemwa "get in" na "get out", kwenye basi, boti kubwa na ndege "get on" na "get off", kwa sababu huko mtu anapanda na kutembea juu ya kitu. Abiria wa Nairobi wanasema "alight" wakitaka kushuka. Si kosa, ila Mwingereza hulisoma kwenye mabango zaidi kuliko kulitamka. Na usimwambie mgeni "get out" hata kama boti imefika na unataka ashuke, maana peke yake inasikika kama kufukuzwa. Mwambie "You can get off here", na kile "you can" kidogo kinaondoa ukali wote.

Siku wakija tena wawili kama wale, jua limeshuka usawa wa mitumbwi, wakakwambia hawana muda, unamjibu: "Of course. I'll get someone to bring them down." Halafu unageuka kwa kijana wa mizigo: "Hebu wawahi wageni, wafuatie mabegi yao juu, giza linaingia."